Msumari Mmoja, Kamba Mbili

Haya yalimpata shangazi yangu, na mengi yake niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumanne tulivu. Tulikwenda kwa mafundi wa kazi za mikono, kule nyuma ya gereji, ambako watu kama ishirini hufanya kazi chini ya paa moja la bati: huyu vinyago, yule milango, yule vikapu. Shangazi alitaka kiti. Si cha wageni. Kiti chake mwenyewe, chenye mgongo wa kuegemea. Miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa akikalia kigoda, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja, nacho kilikuwa na mwenyewe. Mumewe hakuwa mkatili. Alilelewa hivyo, nami simhukumu. Alipofariki, ndugu zake walibeba kiti wakaacha kigoda.

"Viti ni kwa Kobe," mfuma vikapu alituelekeza. "Ila mama, ukiagiza leo, andika na wosia, mjukuu aje kukichukua."

Kobe alikuwa mzee, macho yamefifia, akichonga kwa kupapasa. Hakutumia futi. Alimpima shangazi kwa kamba, akipiga fundo gotini, fundo kiunoni, fundo begani, kisha akaitundika ukutani. Kila nyumba ilikuwa na msumari wake.

"Wenu ni huu. Hata baba mwenye nyumba nilimpima, zamani. Hajambo lakini?"

Shangazi alikuwa amechoka kupewa pole.

"Yupo," alijibu.

Nilisikia.

Wiki sita baadaye kiti kililetwa, kizuri mno, mbao nyeusi iliyong'arishwa ikang'ara. Shangazi alikikalia, na miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto kanisani.

"Huyu Kobe kanichongea kiti cha jitu!" alisema, tukacheka hadi machozi.

Kesho yake alipaka sakafu nta nyekundu, akatoka kwenda kuanika nguo. Mimi nilisimama mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa sebuleni.

Kiti kililia.

Ulikuwa mlio wa mbao inayopokea uzito. Hapakuwa na mtu. Nikangoja kilie tena. Hakikulia. Aliyekaa alikuwa ametulia.

Kwenye nta mbichi, mbele ya kiti, palikuwa na nyayo mbili kubwa. Hapakuwa na nyayo za kuingia. Ule wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Marehemu alikatwa kidole na shoka kabla sijazaliwa.

Tulirudi kwa Kobe siku ileile. Alipapasa msumari wetu, akakuta kamba mbili. Mkono wake ukaganda kwenye ile ndefu.

"Nilichonga kwa kufuata hii," alinong'ona. "Mtu akifa, tunafungua mafundo yake kabla msumari haujabeba kamba nyingine. Ndiyo desturi yetu. Mama, si uliniambia yupo?"

"Nilisema. Kosa langu. Yafungue sasa."

Alijaribu kwa kucha. Akajaribu kwa meno. Jasho lilimtoka.

"Yamekaza. Kileteni kiti nikichome."

Shangazi alimtazama bila hasira.

"Hakichomwi, fundi. Nimekaa chini miaka ishirini na sita. Niazime msumeno."

Nyumbani tulijaribu kukilaza kiti ubavu. Hakikulala. Kilikuwa kizito kama kiti ambacho aliyekikalia hajainuka. Nilimwambia shangazi tuache. Nilimsihi. Yeye aliinama, akanong'ona pale ambapo sikio lingekuwa:

"Inuka, baba watoto. Ulikaa ukatosheka."

Kiti hakikusogea.

"Inuka."

Kiti kikawa chepesi mikononi mwetu, ghafla, nusura tuanguke. Shangazi hakungoja. Alikata mguu wa kwanza. Wa pili. Katika wa tatu msumeno ulikwama, ukashikwa, akauvuta kwa mikono miwili huku akitukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Ukakatika. Wa nne ulikatika wenyewe kama muwa.

Tukakisimamisha. Alikaa. Nyayo zake zikagusa sakafu, zote mbili. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya ndani ya nyumba ile: aliegemea.

Jumamosi alipaka nta tena, chumba kizima, akamalizia miguuni pa kiti na kukaa. Nilichungulia kutoka mlangoni. Mbele yake palikuwa na nyayo zake tu, ndogo, vidole kumi.

"Ameondoka," nilisema.

"Tazama nyuma yangu, mwanangu."

Nyayo mbili kubwa zilikuwa nyuma ya kiti, vidole vimeuelekea mgongo wake. Vitano. Vinne.

"Yupo," alisema shangazi bila kugeuka. "Mwache asimame. Mimi chini nilikaa, sikufa."

Nta ilipokauka nilizisugua alama zile kwa brashi ya waya mpaka saruji ikaonekana. Zilitoka. Jumamosi iliyofuata zilikuwa palepale, ila visigino vilikuwa vimezama zaidi kidogo, kama vya mtu aliyeanza kuchoka.

Shangazi alipitisha mkono kwenye mbao, akavuta kiti nyuma kidogo, karibu na zile nyayo, akakaa.