Mkwe Hapimwi Damu

Ndugu zangu wa Masisi, sikieni yaliyompata Papa Esdras wa Muheto, na asiwepo wa kucheka. Mwaka ule vita vilikuwa vimepumzika kidogo. Maharagwe yalipurwa uani, na binti yake wa pekee, Wivine, alikuwa ameposwa na Apollinaire, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Goma. Mzee alitembea kijijini kifua mbele.

Lakini mchumba alikuja na sharti. Kwa kuwa Wivine aliwahi kukimbia mapigano akalala porini, apimwe kwanza damu ya SIDA, yaani UKIMWI. Akapimwa, akaonekana mzima. Mama yake, Consolée, akanong'ona, "Na huyu kijana?"

"Mama Wivine, nyamaza," Esdras akasema. "Mukwe mwenye kusoma hivi, unamupimisha damu weye nani? Ni kumutukana."

Apollinaire alisikia, akatabasamu. "Mama, ile ugonjwa tuliisoma ku université. Tunaijua muzuri. Iko ya batu benye habakusoma."

Esdras akaona aibu kwa ajili ya mkewe. Jamani, tangu lini kufaulu mtihani kukawa kinga?

Wakaoana. Wivine aliposhika mimba, kituo cha afya kikamkuta na virusi. Muuguzi alimpa dawa, akamwomba amlete mumewe. Mume akakataa katakata. "Njo mambo ya kule pori," akasema, akizisingizia zile siku alizolala porini, kisha akamkataza asirudi tena kuchukua dawa. "Bakikuona pale, ba camarades yangu ba université batasema nini?"

Esdras alijua kuwa binti yake aliingia kwenye ndoa akiwa mzima. Alijua vizuri kabisa. Akanyamaza, maana alikuwa ameshazoea kumwinamia mkwe.

Vita vikarudi, njia ya kituo ikafungwa. Mtoto alizaliwa, akafia katika kambi ya wakimbizi, na Wivine hakukawia kumfuata. Siku ya mazishi Apollinaire alikuwa amekonda, akikohoa. Mzee akamsogelea.

"Mukwe, weye ulipimaka damu yako?"

"Hapana, Papa. Niliogopa."

"Na miye niliogopa kukuuliza," Esdras akasema, akalia mbele ya watu wote.

FUNZO

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Enyi wanafunzi, kuijua SIDA darasani si kujua hali ya damu yako, na dawa haimwaibishi mtu. Nanyi wazazi, wapimisheni wachumba wote wawili, awe wa jembe au wa diploma. Mkwe akikasirika, akasirike. Esdras hana tena wa kumwozesha.