Bakuli la Mama Šustrová

Bakuli lilianza kunguruma kabla ya alfajiri.

Jasusi wa serikali Vendelín Hlavsa, aliyejifanya mpangaji wa kawaida, alifumbua macho. Jikoni, nyuma ya ukuta, Otakar, mtoto wa mwenye nyumba, Mama Šustrová, alikuwa ameweka visikizio vya redio ndani ya bakuli la supu, kama walivyozoea watu wa Praha, ili sauti ijae na mkono upate kuandika. Alisahau kwamba bakuli halitunzi siri.

Nukta. Mstari. Nukta.

Hlavsa alizifumbua alama hizo za Morse: *Chukua taa leo. Mpakani saa nne.*

Taa ile ya kioo, moyo wa mtambo wa kurushia matangazo, ilikuwa moja tu nchini. Bila hiyo, tamasha la kwanza la redio jioni ile lingekuwa kimya, nao wageni waliomtuma Otakar wangetangulia kutangaza.

Akampigia mkuu wake simu kutoka kwa mwoka mikate.

“Ni Otakar.”

“Mkamate. Usimpige risasi.”

“Sitampiga. Mama yake alinishonea soksi.”

Jua lilipochomoza, Otakar alitoka mbio kwenye hema la mtambo, kwenye uwanja wa ndege. Taa ilikuwa kifuani, imeviringishwa skafu ya mama yake.

Pikipiki yake, ya chapa ya Laurin na Klement, ilikohoa, ikazimika.

Hlavsa aliinua bastola yake ya Browning.

“Simama!”

“Kumbe mpangaji wetu! Na kahawa ya mama umekunywa wiki tatu nzima!”

“Nimekunywa. Iweke taa chini, ndugu yangu.”

“Wale wageni waliniahidi kumrudisha Jaromír. Kaka yangu yuko hai, mfungwa wa vita huko Siberia.”

Hlavsa alishusha bastola. Faili la Jaromír alikuwa amelisoma.

“Alizikwa huko miaka minne iliyopita, Otakar. Walijua.”

Otakar akaiweka taa majanini, taratibu, kama yai. Kisha akakaa kando yake, akalia.

Hlavsa hakumfunga pingu. Alimvalisha koti lake mwenyewe hadi askari walipofika.

Jioni, fidla iliimba ndani ya bakuli. Mama Šustrová alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alikuwa ameshaambiwa yote, ya mwana wa gerezani na ya mwana wa kaburini. Hata hivyo alimkatia Hlavsa mkate, upande wenye ganda, aupendao.

Wimbo ulipoisha, Hlavsa akachukua sanduku na kofia.

“Nisamehe, mama.”

Mama Šustrová alimsogelea. Alimfunga kifungo cha shingoni.

“Jumapili nitapika supu,” alisema. “Njoo tena, mwanangu. Bakuli hili ni kubwa mno kwa mtu mmoja.”