Tafsiri Iliyolingana Mno

Ijumaa moja ya Februari 2014, saa nne asubuhi, foleni ya ukaguzi kwenye lango la makanisa ya Mesaimeer, jijini Doha, ilikuwa imefika barabarani. Nafula, muuguzi kutoka Bungoma, alikuwa amevaa gauni la kitenge la manjano. Nyuma yake mwanamume alizungumza Kituruki kwenye simu. Nafula aligeuka, akamwona Mkenya mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi.

Aliitwa Laban, mtu wa Kakamega. Alisomea kompyuta Ankara, na sasa alifunga mitambo ya mtandao katika majengo mapya ya Lusail, kaskazini mwa jiji. Nafula naye akamweleza kazi yake. Aliratibu utafiti wa kuhakiki dodoso la Kituruki la kuwagundua, kati ya vijana Waturuki wa Doha, wanaojinyima chakula au kujitapisha kwa hofu ya kunenepa. Dodoso lilitoka Kiingereza; alihitaji mtu asiyewahi kuona lile la asili alirudishe katika Kiingereza, ili mawili hayo yalinganishwe.

"Nikiifanya kazi hiyo, utanipa namba yako?" aliuliza Laban.

"Namba ni ya kazi."

"Basi nitapiga saa za kazi."

Alipiga jioni hiyo hiyo. Kufikia Aprili walikuwa wakitembea Corniche, kando ya bahari, na chai ya maziwa ya karak mkononi, yeye akimwita Nafula bosi, Nafula akimwita msumbufu.

Mwezi wa Mei Laban akaleta tafsiri. Nafula aliisoma mara mbili. Ililingana na ya asili neno kwa neno. Akampigia simu.

"Laban, uliliona dodoso la Kiingereza?"

"Nililitafuta mtandaoni, mpenzi. Nilitaka kazi yako ipite."

"Sikuhitaji lifanane. Nilihitaji kujua la Kituruki lilikosea wapi."

Akaiondoa tafsiri ile, akamwandikia mkuu wa utafiti sababu na jina la mhusika. Laban alisema Nafula amemwanika mbele ya watu, akaacha kupiga simu. Mesaimeer hakuonekana tena. Nafula alimkosa hata katika kelele za mabasi, lakini hakuifuta barua ile kwa mkuu.

Mtafsiri mpya akaleta kazi yake. Swali la asili liliuliza kama kijana hujificha anapokula. Lilirudi likiuliza kama hula peke yake. Doha vijana wengi hula peke yao kwa sababu wazazi wako zamu. Wangehesabiwa wagonjwa. Swali la Kituruki likarekebishwa kabla mtoto yeyote hajalijibu.

Nafula akampigia Laban, akamweleza.

"Hata mimi hula peke yangu," alisema Laban.

"Nawe ungehesabiwa. Kosa hilo uliliona?"

"Nililiona. Nikalinyoosha, nikidhani nakufichia aibu. Nimekosa, Nafula. Lakini jina langu ungeliacha."

"Kama ningekufichia leo, kesho ungejuaje kwamba wewe mwenyewe sikufichi jambo?"

Laban akamuuliza kama Ijumaa atakuwa kanisani.

Alikuja na shati la bluu, amenyoa. Baada ya ibada, kwenye maegesho yenye joto, alimwambia kwamba Desemba anataka kwenda Bungoma kuzungumza na wazazi wa Nafula kuhusu posa, na kwamba Nafula akikataa, amwambie waziwazi.

Nafula alitoa simu mkobani, akapiga nyumbani.

"Mama, kuna mtu anataka kukusalimu," alisema, akampa Laban simu.

"Mulembe, Mama," alisema Laban, akimwamkia kwa Kiluhya, salamu ya amani.

Mama akaitikia.