Mshumaa Usio na Jina

Mishumaa miwili iliteketea kama inavyoteketea mishumaa yote. Wa tatu uliwaka tangu asubuhi hadi adhuhuri na haukupungua hata upana wa ukucha.

Bi Tafida ndiye aliyeiwasha, akaipanga kwenye sinia la shaba katikati ya karanga na peremende za siku ya saba ya uzazi. Wajukuu wake mapacha walikuwa na majina tayari: Yunis yule mnene, na Shazli yule aliyejaa kiganja tu. Kwa hiyo mishumaa ya kuchagua majina haikuhitajika. Lililobaki ni daktari wa watoto. Hospitali walikuwa wamesema Shazli aonwe na daktari haraka, maana uzito wake haukufika hata kilo mbili. Baba yao, Rifaat, alimtaka profesa mwenye kliniki karibu na stesheni, ambaye ukitaka kumwona unapanga foleni tangu alfajiri. Mama yao, Ibtihal, alimtaka Daktari Moris, kwa kuwa walimu wenzake shuleni walimsifu kwamba hana haraka na mtoto. Wakabishana siku sita. Siku ya saba Bi Tafida akachoka, akasema mshumaa utaamua kama ulivyowaamulia wazee wao majina, kila daktari na wake, na utakaozimika mwisho ndio huo.

Sasa, watu wa Qena, kusini mwa Misri, huiwasha mishumaa hiyo kwa idadi ya witiri, isiyogawanyika kwa mbili, na madaktari walikuwa wawili. Bi Tafida akaongeza wa tatu, akautia moto bila kuutajia mtu yeyote. Huyu ni mwanamke aliyeweza kumgombeza jirani kutwa nzima kwa kuacha kiatu kimepinduka mlangoni, maana ni mkosi. Lakini furaha ilikuwa imempofusha, baada ya miaka minane ya kungoja mkwewe ashike mimba.

"Huu wa nani, Mama?" Ibtihal aliuliza.

"Wa kujazia tu, mwanangu."

Wa profesa ukaisha saa nne, wa Moris ukaufuata. Bi Tafida akacheka, akasema wa kujazia hauhesabiwi, basi Moris ameshinda, akainama kuupuliza. Mwali ukalala, ukasimama tena. Akapuliza mara ya pili, ya tatu, na kicheko kikamwishia mdomoni. Ibtihal, ambaye alikuwa amefundisha sayansi miaka kumi, alisema nta ya siku hizi imechanganywa na takataka gani sijui. Wakauweka juu ya kabati la vyombo na kuendelea na wageni.

Wageni walipoondoka, alasiri hiyohiyo, kengele ya mlango ililia. Alisimama mwanamke mwenye koti jeupe na miwani ya rangi ya chai, mkoba mkononi. Alisema yeye ni daktari wa watoto, amefungua kliniki ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ya yule wakili aliyehamia Kairo, na amesikia kwamba hapa juu kuna mapacha.

Bi Tafida alishika kifua. Alisema mshumaa umemjua kabla yao, na mtu wa kuletwa namna hii harudishwi. Hakuna aliyemwuliza jina lake.

Daktari hakuingia, hata hivyo. Alikuwa akitazama chumvi ambayo Bi Tafida alikuwa ameinyunyiza kizingitini asubuhi, kama inavyonyunyizwa siku ya saba kuzuia mabaya.

"Chumvi sakafuni, na vichanga ndani," alisema kwa upole. "Ikipeperuka ikawaingia machoni, Mwalimu, utakuja kunililia mimi."

Ibtihal aliona haya mbele ya mwanamke msomi mwenzake. Akachukua ufagio, akaifagia yote mpaka punje ya mwisho, na hapo daktari akavuka. Baadaye sana ndipo alipojiuliza ni nani aliyemwambia kwamba yeye ni mwalimu.

Daktari aliwapima watoto mmoja mmoja, akaandika uzito wao. Yunis alimshika tu kama anavyoshikwa mtoto. Shazli alimweka usoni, akasogeza pua kwenye utosi laini, akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama mtu anayenusa chungu kuona kama nyama imeiva. Chumba kikajaa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Alipogeukia dirishani, jua likampiga pembeni ya miwani, Ibtihal akaona mboni zake zimesimama wima, nyembamba kama mkato wa kisu. Akajiambia ni kivuli cha kioo. Mtu aliyesoma ana maelezo kwa kila kitu, na hilo humponza.

Kisha daktari akauliza kama kuna maziwa ya ngamia ndani ya nyumba.

Yalikuwamo, chupa nzima kwenye friji, na Bi Tafida alikuwa akingoja kuwapa watoto kijiko kimoja kimoja jioni. Kwao inajulikana kwamba pacha akilala na njaa roho yake hutoka ikatembea katika umbo la paka, na maziwa ya ngamia yakishuka tumboni roho hutulia pale pale mwilini. Kabla hajanywa, pacha aliyelala haamshwi, paka hapigwi, wala dirisha halifungwi, ili roho ipate kurudi.

"Maziwa mabichi yanaua kichanga kwa siku moja," daktari alisema. "Yamwage. Na paka nao ni wachafu, huja kulala juu ya pua ya mtoto. Wakilala hawa, funga dirisha. Akilia nje huyo paka, mwache alie."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Nenda kwa daktari yeyote mwenye cheti chake ukutani, atakwambia hayohayo. Ndivyo alivyokuwa mkatili: hakuhitaji kudanganya hata neno moja. Ibtihal aliyamimina maziwa kwenye sinki mbele ya macho ya mama mkwe wake.

Usiku Bi Tafida alimnong'oneza kwamba daktari huyu hajui mambo ya mapacha, asikilizwe kwa habari ya dawa tu, dirisha asilifunge.

"Si wewe uliyemchagua, Mama?"

"Mshumaa ndio uliomchagua."

"Basi msikilize mshumaa wako," Ibtihal alisema, na lile lilikuwa neno baya kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Ijumaa Rifaat alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha sukari. Bi Tafida akaenda kwenye kaburi la Sidi Abdelrahim, walii wa mji, kutimiza nadhiri yake, na alipofika mlangoni akarudi kuomba tena habari ya dirisha, na mkwewe akaitikia ndiyo ili aondoke. Baada ya sala mji ulinyamaza kwa joto. Yunis alinyonya akashiba. Shazli alishika chuchu, akaiacha, akalala tumbo tupu. Ibtihal alisema atamnyonyesha akiamka. Alilifunga dirisha, akasukuma komeo, akajilaza.

Kilichomwamsha ni kucha kwenye mbao.

Paka mdogo wa kijivu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa nje wa dirisha, ghorofa ya nne, mahali ambapo njiwa tu ndiye hupata nafasi, mbavu zake zinahesabika. Akalia. Ibtihal akampigia kioo kwa kidole, paka hakuondoka, akalia tena, na mara hii sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye kukatika katikati kama ya mtoto anayetafuta ziwa, hata maziwa ya Ibtihal yakamtoka yenyewe na kulowesha gauni, naye akasimama pale kifua kikimchuruzika akijiambia kwamba mwili wa mzazi hudanganyika, kwamba daktari amesema mwache alie, kwamba yeye si mwanamke wa kufungua dirisha kwa ajili ya hadithi za bibi, akawasha redio, akaongeza sauti, na bado chini ya redio alikisikia kile kilio kikishuka, kikiwa kama mlango unaokwaruza, kisha kama pumzi, na kucha zikipapasa polepole, mara moja, tena mara moja, mpaka zikaacha, na harufu ya utambi uliozimwa ikaja kutoka chumba ambamo hakuna kilichozimwa.

Hapo ndipo alipokwenda kwenye kitanda cha watoto. Yunis alikuwa akihema. Shazli alikuwa amekunja vidole vyote kumi kama anayeng'ang'ania kitu, na kucha zake, kucha za mtoto wa siku kumi na mbili, zilikuwa zimejaa vibanzi vya mbao vya rangi ya bluu. Rangi ya dirisha lao.

Bi Tafida alimkuta sakafuni, mtoto mikononi. Alifungua dirisha, akamchukua yule paka aliyekakamaa ukingoni, akamfunga kwenye kilemba chake cheupe.

"Alikuwa anakuita," alimwambia mkwewe. "Alikuja kwako, hakuja kwangu."

Rifaat aliposhuka ghorofa ya tatu alikuta kufuli la wakili na utando wa buibui juu yake. Wakamzika mtoto kabla ya magharibi. Waliporudi, mshumaa juu ya kabati ulikuwa ungali unawaka, na ulikuwa umepungua nusu kamili.

Jumatatu walimpeleka Yunis kwa Daktari Moris. Alikuwa mzee mpole, kweli hakuwa na haraka. Akamsikiliza mtoto moyo, akasema ni mzima kabisa. Kisha, akiandika, akawaonya: wasimpe maziwa mabichi, wafagie vizuri vumbi na chumvi, na mtoto akilala wafunge dirisha, paka wasiingie. Maneno yaleyale. Ibtihal aliomba avue miwani. Mzee akaivua, akacheka kidogo. Macho yake yalikuwa macho ya mtu tu, na hilo halikumsaidia chochote.

Tangu siku ile alimlisha Yunis hata asipotaka, ili asilale na njaa. Bi Tafida alihangaika kutafuta maziwa ya ngamia mpaka kijiji cha mwisho, na kila chupa ilifika imeganda. Siku ya arobaini tangu azaliwe, saa ya joto, Yunis, aliyekataa ziwa tangu asubuhi, alilikataa tena, akageuza uso, akalala. Juu ya kabati mshumaa ulikuwa umebaki kipande kisichotosha kushikwa. Ibtihal alikuwa ameliacha dirisha wazi; upepo ukalibamiza, komeo likaanguka lenyewe.

Kisha kucha kwenye mbao.

Walikuwa paka wawili. Wote wa kijivu, wote wadogo, wamekaa bega kwa bega ukingoni, wote wakilia kwa sauti ya mwanawe. Mmoja alikuwa Yunis, na harufu ya utambi uliozimwa ilimwambia wa pili ni nani. Alitazama huku na huku, akawaita kwa jina, wote wakageuza kichwa. Asipofungua, alijua atakachokikuta kitandani. Akifungua, hawezi kumfungulia mmoja tu.

Alifungua.

Waliingia wote wawili, wakapita miguuni pake bila sauti, wakaingia chini ya kitanda cha mtoto. Nyuma yake mshumaa ulizimika. Alipoinua shuka, chini ya kitanda hapakuwa na kitu.

Yunis alikuwa ameamka. Hakulia. Alimtazama mama yake kwa mboni zilizosimama wima, nyembamba kama mkato wa kisu, kisha akafungua mdomo kutafuta ziwa. Bi Tafida alikuwa akiuliza kutoka jikoni kama mtoto ni mzima.

"Mzima, Mama," Ibtihal alisema. Akakaa, akafungua kifungo cha gauni, akampa.