Chaneli ya Nne

Chaneli ya nne haikuwa na waya wowote, lakini taa zake zilikuwa zinapanda. Mbili za kijani, kisha tatu, kisha zinashuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Nusu alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi akiziangalia. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, binti yake Kidoti yuko shule, na miksa ile ya muziki ilikuwa na siku moja tu mezani. Akasogea, akachungulia nyuma yake. Matundu ya chaneli ya nne yalikuwa matupu. Akakishusha kitelezi chake cha sauti mpaka chini. Taa zikaendelea kupanda na kushuka.

"Vitu vya mtumba," akajiambia, akamalizia chai yake.

Watu walimwita Nusu kwa sababu hajawahi kumaliza wimbo hata mmoja. Ukianza kunogewa, yeye keshakuhamishia mwingine. Kwa miaka tisa alipiga muziki kwenye harusi na mahafali pamoja na mkewe, yeye kwenye kontrola iliyochomekwa kwenye kompyuta, mke kwenye maiki. Mke ndiye aliyekuwa na mdomo wa kazi. Akimwita bibi harusi, ukumbi mzima unasimama. Akimtania mjomba aliyelewa, mjomba mwenyewe anacheka kuliko wote. Miezi saba iliyopita alilazwa kwa homa ambayo kila mtu aliiona ndogo. Jumamosi ile walikuwa na harusi. "Nenda," alimwambia mumewe, "tusiwaharibie watu siku yao. Nitakusubiri." Nusu akaenda. Aliporudi hospitali alfajiri alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya.

Tangu hapo alifanya kazi peke yake, na kontrola ikaanza kumuumbua. Kontrola haina maisha yake, inaishi kwa pumzi ya kompyuta, na kompyuta ya Nusu ilikuwa imechoka. Kwenye harusi ya wiki iliyopita iliganda bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi. Ukimya ukatanda. Zamani mkewe angeuziba ukimya ule kwa mzaha mmoja na hakuna ambaye angejua kuna kilichoharibika. Safari hii Nusu alibaki anabonyeza vitufe, jasho linamtiririka mgongoni, watu wote wamemgeukia.

Jumatatu yake akaenda kwa fundi anayeuza vyombo vya muziki. Fundi alimwekea miksa mbili mezani.

"Hii mpya, chaneli mbili," fundi alisema. "Ndogo, lakini unachomeka pleya zako mbili, kompyuta ikizimika muziki haukatiki. Maiki ina tundu lake pembeni, na vinobu vyake vya kuzungushia besi na treble. Kwa mtu anayetoka kwenye kontrola, inatosha kabisa."

"Na ile?"

Ile nyingine ilikuwa chuma kitupu, nzito, rangi imelika pale vidole vya watu vilipopita. Chaneli nne. Bei yake ilikuwa chini ya ile mpya.

"Ile ni mashine ya kumbi kubwa. Lakini kaka, wewe ni dijei wa harusi, chaneli nne za nini? Usinunue nafasi ambayo huna cha kuiwekea."

"Mbona rahisi hivyo?"

Fundi alichukua kitambaa akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Imerudishwa hapa mara mbili. Nimeifungua, nimeisafisha, sijaona kosa. Waliorudisha hawakusema kitu. Mmoja hakutaka hata kurudishiwa pesa yake."

Mwenye akili zake angeondoka na ile ndogo. Nusu alikuwa anahesabu kivyake: pleya moja, pleya ya pili, simu ya akiba, na ya nne iwe ya maiki. Mtu wa kushika maiki hakuwa naye, wala hakuwa anamtafuta. Alitaka tu nafasi yake iwepo.

"Nipe hii," akasema.

Basi siku ya pili, zile taa zilipoanza tena, alivaa hedifoni akabonyeza kitufe cha kusikilizia chaneli ya nne. Alitegemea mvumo wa umeme. Alisikia mtu anavuta pumzi. Kisha ukucha ukagonga maiki mara mbili, ti-ti, kama mkewe alivyofanya kila alipotaka kuanza kuongea.

"Baba Kidoti," sauti ikasema. "Umechelewa."

Nusu hakukimbia. Mtu anayetoa hedifoni na kukimbia ni yule ambaye hajafiwa. Alishika meza kwa mikono miwili, akalia mpaka machozi yakadondokea vinobu, na sauti ikamwambia nyamaza baba, nyamaza, mimi nipo, nilikwambia nitakusubiri. Alikaa pale hadi jua likahama dirisha. Kumbe binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi za shule tangu saa saba, na aliyemleta nyumbani alikuwa mwalimu.

Binti alikuwa na miaka sita, na waliomzoea walimwita Kidoti kwa alama nyeusi aliyokuwa nayo juu ya mdomo, ile ile ya mama yake. Alikuwa mtoto wa kelele. Aliimba bafuni, aliimba akila, aliimba hata akikemewa.

Siku zilizofuata Nusu alikuwa na furaha ya mtu anayeficha kitu. Asubuhi Kidoti akienda shule, yeye anavaa hedifoni. Walizungumza mambo yao ya zamani, na sauti ilicheka panapostahili kuchekwa. Sebule ikaanza kunukia mafuta ya nywele aliyopaka mkewe, ingawa chupa yake ilikuwa imeshatupwa. Chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine, kama ya nguo iliyolowa ikakaushwa kwa moto, lakini hiyo Nusu aliamua kutoisikia. Aliacha kazi mbili. Waliompigia simu hakuwapokea.

Mchana wa Jumapili alilala kidogo. Alipoamka nyumba ilikuwa kimya, na ilimchukua muda kujua kinachokosekana: Kidoti hakuwa anaimba. Akaenda sebuleni. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, miguu haifiki sakafuni, hedifoni kubwa imemfunika nusu ya uso, midomo inachezacheza bila kutoa sauti, na kila midomo ile ilipofunguka taa za chaneli ya nne zilipanda, zikapita kijani, zikapita njano, zikagusa nyekundu, na ilipofumbwa zikashuka, tena na tena, kana kwamba kile ambacho hakikutoka kinywani mwa mtoto kilikuwa kinaingia mle ndani.

Akamvua hedifoni kwa nguvu. Masikio ya mtoto yalikuwa baridi kama yametolewa kwenye maji.

"Umeanza lini?"

Kidoti alijibu kwa mnong'ono, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele siku nzima. "Toka ile siku mwalimu alinileta. Ukiwa umelala. Mama anasema kule alipo hawezi kuimba, ananiomba nimwazime."

Kufikia Jumanne mnong'ono nao ulikuwa umekwisha. Mtoto alifungua mdomo, shingo ikakaza, hakikutoka kitu. Daktari alimulika koo lake na tochi akasema halina kidonda. Na Nusu, Mungu amsamehe, alirudi nyumbani akavaa hedifoni kuuliza. Sauti ilikuwa safi kuliko siku zote, karibu kuliko siku zote, na ilikuwa inaimba ule wimbo wa Kidoti wa bafuni.

Ndipo akampigia mama mkwe.

Bibi huyo alikuja na mkoba mdogo na maswali machache. Alimsikiliza mkwewe hadi mwisho, hakumgombeza. Akasema tu, "Nipe nimsikie." Nusu alimvalisha hedifoni kwa upole, juu ya kitambaa cha kichwa. Uso wa mama mkwe ulivunjika pale pale. Alifumba macho, akawa anaitikia, ee mama, ee mwanangu, na mikono yake ilipapasa hewani kama inayotafuta shavu la mtu.

Baadaye akajikaza, akafuta pua. "Mwanangu, nikuulize. Asubuhi ya harusi yako tulijifungia chumbani mimi na wewe. Nilikwambia neno. Neno gani?"

Nusu alisogeza sikio karibu. Harufu ya nguo iliyoungua ikapanda, safari hii bila mafuta ya nywele juu yake.

"Mama," sauti ikasema kwa deko, "umesahau? Anza wewe kunikumbusha."

Mama mkwe alivua hedifoni, akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Baba Kidoti," alisema polepole, "huyu anamjua mke wako. Mwanangu hamjui. Anakula kilichomo kichwani mwako, basi."

"Lakini mama, amecheka vile vile, amegonga maiki vile vile..."

"Najua. Hata mimi nilitaka awe yeye."

Walikaa sakafuni, wote wawili, wakamlia upya kama siku ya kwanza.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mshonaji wa sare za shule, bado ana futi ya kupimia shingoni. Aliinusa sebule akakunja uso.

"Hili halina koo," alisema. "Linaazima. Kwa watu wazima linaazima kumbukumbu, kwa watoto linachukua sauti yenyewe. Na linakaa kwenye sikio la mtu mmoja mmoja, kwa siri. Tutalitoa kwenye siri. Unganisha spika zako kubwa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe ndiye uliyelikaribisha. Mimi nitalishika tu. Kuliambia litoke ni kazi yako, kwa kinywa chako. Litakuomba kwa sauti yake. Usilijibu kitu kingine."

Ilikuwa adhuhuri, madirisha yamefunguliwa, majirani wanasikika wakiosha vyombo. Mganga aliweka bakuli la maji ya chumvi mbele ya miksa, akaanza maneno aliyorithi kwa mama yake, chini chini, bila kupumzika. Kidoti alikaa mapajani kwa bibi yake. Nusu akafungua spika.

Kwanza zilitoka sauti za watu wasiowajua, mzee anayekohoa, kijana anayemwita dada yake, sauti za marehemu wa wale walioinunua miksa ile kabla yao na kuirudisha dukani, zikipandana na kugombana mpaka vioo vya madirisha vikatetema na maji yakaanza kucheza bakulini, kisha zote zikanyamaza mara moja na ikabaki ile moja, laini, iliyochoka, kama inayotoka kitandani hospitalini.

"Baba Kidoti. Kuna baridi huku."

Kidoti akaruka mapajani. Bibi akamshika kwa mikono yote miwili.

"Toka," Nusu alisema.

"Nilikusubiri usiku kucha. Nilimuuliza nesi, mume wangu hajafika? Mara ngapi nilimuuliza. Ulikuwa unawachezesha watu."

"Toka nyumbani kwangu."

"Siku ile uliniacha ukasema ni kazi. Leo utasema ni nini?"

Nusu alimtazama mganga. Mganga hakuacha maneno yake, ila alimwonyesha kitelezi kwa macho. Vidole vya Nusu vilikuwa vimeshusha nyimbo elfu kabla hazijaisha, havikuwahi kuwa vizito, lakini kipande kile cha plastiki kiligoma kana kwamba mtu mwingine amekishika kwa upande wa pili, na alipokuwa akikisukuma chini sauti ilikuwa inalia, inamwita kwa jina ambalo mkewe pekee alimwita gizani, inasema usinizime, baba, usinizime mara ya pili, na yeye akawa anarudia toka, toka, toka, mpaka neno lenyewe likapoteza maana na likawa kilio tu.

Kitelezi kikafika chini. Taa zikazimika moja baada ya moja. Maji bakulini yalikuwa meusi, na sebule ilinuka jivu.

Mganga aliifunga miksa kwenye gunia akaondoka nayo, hakusema anaipeleka wapi. Baadaye Nusu alinunua ile ndogo ya chaneli mbili, na inafanya kazi vizuri.

Lakini siku ile, gunia lilipokwisha kutoka mlangoni, alipiga magoti mbele ya binti yake. Rangi ilikuwa imemrudia midomoni. Koo lilicheza, akameza mate, akakohoa, na bibi yake akaanza kushukuru kwa sababu kikohozi kile kilikuwa na sauti.

"Sema kitu, mama," Nusu alimbembeleza. "Chochote. Mwite baba."

Kidoti aliutazama mlango. Sauti ilipotoka ilikuwa yake mwenyewe, nzima, ya juu, ile ya bafuni.

"Alikuwa anakuomba," alisema. "Kwa nini umemfukuza mama?"

Akageuka, akauficha uso wake kifuani kwa bibi yake, na Nusu alipomgusa bega, bega likajikunyata mbali na mkono wake.