Damu Aliyoizika Bibi Bernadina

Kilichoibwa ni kichupa cha damu. Ndiyo, damu; usicheke. Inspekta Luhaga wa polisi Muleba naye alicheka, mwaka ule wa 1988, mpaka Daktari Skolastika wa zahanati ya Nshamba alipomwonyesha mwenye damu hiyo: Bibi Bernadina, mzee mwenye viganja vyeupe, anayehema hata akiwa amelala.

"Anakufa, Inspekta. Wazee hupungukiwa damu kwa mambo mengi: chuma, vitamini, figo, vidonda vya tumbo. Dawa ya hili si ya lile. Kichupa kile kingeniambia."

"Si umtoe nyingine?"

"Amekataa."

Kufuli la maabara lilikuwa zima, na mlinzi hakuona mgeni. Basi mwizi alikuwa wa humu humu. Luhaga akavuta kigoda hadi kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kucha zako zina udongo mbichi. Mgonjwa analima?"

Bibi akaficha mikono chini ya shuka.

"Damu iko wapi?"

"Niliichukua mlango ulipoachwa wazi mchana, nikaizika. Kibanja changu kile pale ng'ambo ya njia, kando ya makaburi ya wanangu watatu. Ni damu yangu, waitu, jamani. Huo nao ni wizi?"

"Kwa nini, bibi?"

"Wanangu niliwaosha kwa mikono hii. Ugonjwa uliowaua uko kwenye damu, redio imesema. Ukionekana kwangu, nani atakula chakula changu? Ukoo utagawana wajukuu wangu kama mbuzi. Heri nife bila jina la ugonjwa, wabaki pamoja." Akalia.

Luhaga alimhurumia sana. Lakini macho ya polisi hayapumziki.

"Na huo udongo wa midomoni?"

Bibi akaona haya. "Naumega ukutani. Nautamani kama mjamzito. Mzee mzima mimi!"

Daktari, aliyekuwa mlangoni, akasogea haraka. "Na kibanjani unalima peku?"

"Kwani nani huingia kibanjani na viatu?"

"Bibi, nipe damu tena. Na kinyesi. Jibu nitakupa wewe kwanza."

Bibi akanyoosha mkono.

Jioni daktari alirudi akitabasamu. "Chembe zako ni ndogo, zimepauka: chuma kimekwisha. Na mayai ya minyoo yamejaa. Ni safura, bibi, si ugonjwa wa wanao. Minyoo imekuingia miguuni na inakunyonya. Dawa ninayo. Utapona."

"Safura tu? Mae! Ningekufa kwa minyoo, na wajukuu wangetawanywa vile vile."

Luhaga akainuka, akafunga jalada. Bibi akamshika mkono.

"Usiende kimya kimya, mwanangu. Sauti yako ni kubwa. Simama pale njiani useme jina la ugonjwa wangu, ukoo wote usikie."