Aliyeikata Sauti ya Baba

Simu ya Sindano ilikata roho siku ambayo kibanda cha fundi simu kilijaa watu hadi mtu hajui mkono upi ni wake. Jina la Sindano alipewa na wateja, maana alishona magauni ya harusi na ulimi wake nao ulichoma. Siku hiyo ulimi ulikuwa umelala. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, likamkaa kiunoni barabara, lakini macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Dada, hii haifufuki," fundi simu alimwambia. "Naweza kuiwasha mara moja tu, tutoe kilichomo. Una pa kukiweka?"

"Sina. Na humo ndani mna sauti ya babaa. Amefariki, na ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo."

Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, aliyekuwa akichagua nyaya, aligeuka. "Pole sana. Kompyuta yangu ninayo hapa, tunaweza kuihamishia humu." Kisha, kana kwamba hakuweza kujizuia, "Lakini hilo 'babaa' mbona refu hivyo? Kwetu ni baba, tumemaliza."

"Ninyi mnayakata maneno kana kwamba yataisha. Kwetu mzazi haitwi kwa haraka."

Fundi simu alicheka, na Sindano akashangaa kujikuta naye anacheka. Huyo mrefu alikuwa fundi wa sauti katika studio ya matangazo ya biashara, na watu walimwita Spika. Sauti ilipohamia kwenye kompyuta, wakainamisha vichwa pamoja, wakasikiliza. Feni ilivuma, mlango ukagonga, na katikati ya kelele mzee akasema, "Mwananguu, mpigie sangazi yako, ananuna. Na wewe upumzike, mwananguu."

"Niachie humu kwenye kompyuta," Spika alisema. "Nitakuondolea hiyo kelele yote. Utamsikia kama amekaa chumbani kwako."

Mapenzi yakaanza hivyo. Simu mpya ya Sindano haikupoa. Asubuhi cherehani inanguruma, simu iko begani, imebanwa na sikio, Spika upande wa pili.

"Laazizi, mama anakusalimu."

"Mama yupi? Yule wenu mfupi, au mamaa wetu mrefu?"

"Mfupi. Anauliza lini atakuona."

"Mwambie sangazi zangu wakishakukagua. Wako wanne, na hakuna anayeitwa shangazi."

"Wanne? Basi mimi nimekwisha."

Sindano alimpenda mwanamume yule hadi akaogopa. Alianza kuchora gauni moja ambalo halikuwa la mteja, akalificha chini ya vitambaa, lakini kesho yake asubuhi mshonaji mwenzake wa dukani akalifunua, akalifunika tena.

Spika alikuja dukani kwa Sindano na ile kazi ya sauti mchana wa jua kali, amevaa shati lile jeupe, anatabasamu kuanzia mlangoni. Alimvisha Sindano visikilizio vikubwa vya masikioni vya studio, akasimama nyuma yake, mikono mabegani.

Kelele ilikuwa imetoweka kabisa. Sauti ilikuja karibu, safi. "Mwanangu, mpigie shangazi yako, ananuna. Na wewe upumzike, mwanangu."

Sindano aliduwaa. Alirudisha mwanzo, akasikiliza tena. Koo lilikuwa la baba yake, kikohozi kidogo kilikuwa chake, lakini aliyezungumza alikuwa mtu wa mjini anayewahi mkutano.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Baba yako, mpenzi. Nimemsafisha."

"Baba yangu hajawahi kusema shangazi maisha yake yote. Hiyo 'sha' imetoka wapi?"

Mikono ikatoka mabegani. "Ya mtangazaji wetu. Niliikata kwake nikaipachika. Na ile mikia ya maneno nikaipunguza. Kazini ndivyo tunavyofanya, tangazo halitoki mpaka msikilizaji asijue msemaji ni mtu wa wapi. Mkono umezoea. Nilidhani utafurahi."

"Umemtia baba yangu mdomo wa mtu mwingine." Alisema polepole, maana hakuamini anachokisema. "Haya, nipe ile ya kwanza."

Spika alianza kuzungusha waya wa visikilizio kidoleni. Mshonaji mwenzake Sindano alisimamisha cherehani.

"Spika. Nipe ile ya kwanza."

"Studio tukimaliza kazi tunafuta sauti mbichi, ile ya awali. Nafasi ni ndogo. Nilifuta, Sindano. Nilifuta kwa mazoea, sikufikiri."

Nguo aliyoishika ilianguka, naye hakuiokota. "Mimi nikikata kitambaa cha mtu naacha kitambaa cha ziada kwenye mshono, nikikosea nirekebishe. Wewe umekata sauti ya marehemu, hukuacha hata uzi. Na ulikata kwa sababu uliona haya. Ulitaka mama yako mfupi akisikia asitucheke."

"Si hivyo, wallahi si hivyo."

"Toka."

Akatoka. Siku zilizofuata simu ililia, na Sindano akaitazama hadi ikanyamaza. Usingizi ulimpaa. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alijaribu kulisema lile 'mwananguu' mwenyewe, kama alivyolisema mzee, na mdomo ukamletea la mjini. Alilia kama aliyefiwa mara ya pili, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kisha simu ya Spika nayo ikaacha kulia, na hilo likamuuma kuliko alivyotarajia.

Jumapili alikuwa akipachika shanga kwenye gauni la mteja, simu ikaita. Ilikuwa namba ya nyumbani kwao.

"Mwananguu," sauti ilisema.

Sindano alikaa chini, sakafuni, shanga zikamwagika. Mkia ule ule, mzito, unaoshuka taratibu mwishoni. Baba yake yuko kaburini, na neno lake liko sikioni.

"Mwananguu, umelala? Ni mimi, babaako mdogo. Kuna mwanamume hapa amekuja na basi. Anasema amemkata kaka yangu ulimi, anaomba radhi. Mamaako amelia, kisha amempa kiti. Masangazi wamemzunguka. Sasa sisi tunajua mwanamume haji kwa watu amevaa shati jeupe kuomba radhi tu. Tumfukuze, au tumkalishe?"

"Babaa mdogo," alisema, na mkia ukatoka wenyewe, mrefu, hakuuvuta. "Mpe simu."

Simu ikapita mikono kadhaa, halafu ikaja pumzi aliyoijua.

"Sindano. Kaburini nimekwenda kwanza. Nimewaambia wote nilichofanya, neno kwa neno. Sauti ya mzee siwezi kuirudisha, najua."

"Huwezi."

"Halafu wakaniuliza kama nimekuja kuposa. Peke yangu, bila mshenga, bila hata ndugu mmoja. Sikuwa nimekuja kwa hilo."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema ndiyo. Nimeshtuka kuliko wao."

Upande wa pili masangazi wanne waliangua kicheko kwa pamoja. Sindano alijifuta uso kwa kipande cha hariri ya mteja, jambo ambalo kazini kwake ni kosa kubwa.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu. Utaishi nayo nyumba moja."

"Nitaishi nayo."

"Basi kaa hapo hapo kwenye hicho kiti. Usithubutu kurudi mjini kabla sijafika."